Konokono wa Bonde Lililokauka

Buti langu la kushoto lilibaki kwenye tope, mguu ukatoka mtupu. Hivyo ndivyo nilivyojuana na yule mama wa mpunga, ambaye kwa muda wa miaka miwili alinichosha kuliko mtu yeyote, ukimtoa mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimesimama katikati ya bwawa, nimeshika upawa wa wavu wenye mpini mrefu, mguu mmoja una buti na mwengine nimeunyanyua juu ya maji. Kila nikilivuta lile buti, udongo nao unalivuta kwake. Mama huyo alikuwa akipalilia mpunga hatua chache kutoka pale, kanga kaifunga kiunoni, miguu peku, maji yamempita vifundo.

"We mwana, weka mguu chini," akanambia. "Hicho ni kinamo, kinanata. Ukishindana nacho utalala hapo."

"Siwezi kuuweka, Bi Mkubwa. Maji haya yana kichocho."

Akanitazama, akaitazama miguu yake mwenyewe, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Na mie nnayeshinda humu toka sijaolewa, nisemeje?"

Niliuweka mguu chini, sikuwa na njia. Yeye akaja, akachomeka mkono kwenye tope pembeni ya buti, akalitikisa kidogo, nalo likatoka bila ubishi, limejaa maji meusi. Nilirudi kwenye gari nimelowa na nimekasirika, nikajisugua spiriti mguu mzima, huku nikijua nimeshachelewa.

Kazi yangu ilikuwa kuokota konokono. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, na hata mume wangu alipotaka kuniposa, alipowatajia kwao kazi yangu walidhani anawatania. Nilikuwa fundi wa maabara mjini, katika kitengo kinachoshughulika na kichocho. Kila baada ya wiki mbili gari ya ofisi ilinipeleka mimi na dereva mpaka mabonde ya mpunga ya kaskazini, ndani kidogo ukitoka Mkokotoni, nikaingia kwenye mito na mabwawa kutafuta konokono wadogo wa rangi ya kahawia ambao mkubwa wao hafiki ukucha wa kidole gumba. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya kichocho yanaanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono huyo, vinazaana ndani yake, kisha vinatoka na kuogelea kutafuta ngozi ya mtu. Anayefua yumo, anayeoga yumo, anayelima mpunga yumo. Baada ya muda mtu anakojoa damu. Nimeyaeleza haya maneno mara nyingi sana, kwa watu wengi sana, na mara nyingi waliponisikiliza walikuwa wamesimama ndani ya maji hayohayo.

Pamoja na konokono, nilitakiwa nichukue udongo wa kila mahali: kijiko kutoka chini ya maji, kijiko kutoka ukingoni, natia kwenye kimfuko, naandika. Mkuu wetu wa kitengo alitaka kujua kwa nini bwawa moja linajaa konokono na jingine, mwendo wa dakika kumi tu, halina hata mmoja. Swali zuri. Tabu yake ni kwamba udongo wa kisiwa hiki haujibu moja kwa moja.

Konokono anataka chokaa, ndiyo anayojengea gamba lake. Ungedhani basi wamejazana kusini na mashariki, ambako ardhi ni jiwe tupu la matumbawe, kile tunachokiita uwanda, chokaa mpaka chini. Wapi! Uwanda haushiki maji. Mvua ikinyesha inazama kwenye mashimo ya mawe na kupotelea mapangoni. Madimbwi machache yanayobaki yana konokono wa jamii nyengine, anafanana na huyu wetu kama pacha wake, lakini kichocho hakimkubali. Kaskazini sasa, mabondeni, kuna kinamo: udongo mweusi, mzito, unaoshika maji kama sufuria. Huko ndiko walikojaa.

Mama mkwe wangu kwao ni Makunduchi, kusini kabisa. Tulikuwa tukikaa naye Mji Mkongwe, ghorofa ya juu ya nyumba kongwe ambayo chokaa ya kuta zake inatuangukia kwenye chai. Kila nikirudi kutoka kazini ananipokea na sentensi ile ile.

"Kwetu watu hawakojoi damu."

"Ni udongo, Mama. Maji hayatuami."

"Ni usafi. Kwetu mtu anajua pa kukojoa na pa kuoga."

"Mama, hata konokono wa huko si hawa. Hawabebi maradhi."

"Ushaona? Hata konokono wetu wana adabu."

Nikaenda kuosha buti.

Ugomvi wenyewe ulianza msimu wa kaskazi, jua lilipokausha lile bwawa lililonivua buti. Tulipofika siku hiyo hapakuwa na tone. Kinamo kilikuwa kimepasuka vipande vipande, nyufa zake unaingiza mkono mpaka kiwiko. Kwenye fomu yetu kuna kisanduku kimeandikwa "kavu". Ukitia alama hapo, husogei mbele: konokono unaandika hakuna, udongo hauchukuliwi, na bwawa linatolewa kwenye orodha ya dawa ya kuua konokono ya msimu unaofuata, kwa kuwa dawa hupelekwa pale tu walipoonekana. Nilikuwa nshatoa kalamu.

"Unaandika nini?" Alikuwa ni yule mama wa mpunga. Amekuja na jembe, anapiga kingo za majaruba yake.

"Naandika bwawa limekauka, konokono wamekufa."

"Nani kakwambia wamekufa?"

Alipiga jembe mara mbili, akang'oa donge kubwa kama tofali, akalivunja kwa mikono. Akalitazama, akalitupa, akavunja jengine. La tatu akanionyesha. Ndani, umbali wa vidole vitatu kutoka juu, palikuwa na konokono mdogo amejikunja, na kwenye mdomo wa gamba lake pana utando mwembamba mkavu.

"Wamelala," akasema. "Mnapokuja hapa na mapipa yenu, mnatia dawa majini, wanakufa waliomo majini. Waliokwisha kulala hamuwagusi. Mvua ikija wanaamka na maji. Nimemwambia mwenzako wa mwanzo, kabla yako. Akaandika kitu, akenda zake."

Nilirudi ofisini na konokono yule, nina hamu ya kusema. Mkuu wetu alikuwa mtu mwema na msomi, tena mchapakazi, lakini fomu ile aliitunga mwenyewe na aliipenda. Akamgeuzageuza yule konokono mkavu kwenye kiganja.

"Gamba tupu hili."

"Lina utando mdomoni. Yumo ndani."

"Mimi najua kwamba konokono hujificha udongoni, hilo limo vitabuni. Nnachokwambia ni kwamba si kwenye kinamo kilichopasuka namna ile, miezi yote ya kaskazi. Jua linapita kwenye nyufa, linawachoma. Umemtia majini huyu akaamka?"

"Bado."

Akalitia gamba kwenye kikombe cha maji pale pale mezani. Tukangoja. Siku ya pili lilikuwa linanuka. Huyo alikuwa amekufa kweli.

"Sasa?" akaniuliza, kwa upole, jambo lililonikera zaidi.

Wiki mbili baadaye nikarudi bondeni, nikamwomba yule mama anichimbie madonge mengine, makubwa makubwa, niyaloweshe mwenyewe nione. Tukajaza kiroba kizima. Ofisini nikaambiwa ghala si mahali pa kurundika matope, sampuli ya udongo ni kijiko kimoja kwenye kimfuko. Nikamwambia dereva anishushie kiroba nyumbani. Tukakipandisha ngazi sote wawili tukihema, nikakisukuma pembeni ya jiko la juu, nikamwambia mama mkwe, "Hicho cha kazini, naomba kisiguswe."

Halafu ukaingia mwezi wa Ramadhani, na kupika, na wageni wa futari, na mwanangu mdogo akaugua surua. Kiroba nikakisahau. Hilo ni kosa langu na sijapata wa kumsukumia.

Masika yalipoanza nilipanda siku moja juu ya paa kuanika nguo, nikaona kiroba kimekunjwa vizuri, kimewekwa juu ya ndoo. Kitupu.

"Mama! Udongo wangu uko wapi?"

"Naam? Upo. Nimeutumia."

Ukutani, kwenye jua, yalipangwa makopo manne ya rangi. Matatu yana mirehani, moja lina mche wa asumini. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya makopo hayo kwa fahari.

"Udongo wa mjini hapa ni vifusi vitupu," akasema. "Kila nikipanda mrehani unanifia. Mwaka mzima nakuomba uniletee udongo kutoka shamba, hunijibu. Nikaona kumbe umeniletea, unaona haya kusema."

"Mama, si nilikwambia usiguswe?"

"Ulisema wa kazini. Kazi yako si shamba?"

"Umeufanya nini?"

"Nimeuponda kwa mchi. Mgumu kama jiwe, mikono yote inaniuma."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Miezi miwili na zaidi imepita, nimebishana na mkuu wangu, nimebeba kiroba ngazi thelathini, na konokono wangu wamepondwa kwa mchi ili mrehani usinyauke. Nikainuka kwenda kumalizia nguo, na nilipopita kwenye makopo nikaona moja, lile la mwisho, limejaa maji mpaka juu. Matundu ya chini yalikuwa yamezibwa na kinamo. Mche wa mrehani ulikuwa unaoza. Na kwenye ukingo wa ndani wa kopo, juu kidogo ya maji, alikuwa anatambaa konokono.

Nikapiga ukelele. Mama mkwe naye akapiga ukelele kwa kuwa mimi nimepiga.

"Usiguse maji hayo!"

"Nayagusa kila asubuhi! Kuna nini?"

Nikamwonyesha. Akamtazama konokono kwa muda, kisha akanitazama mimi, na nikaona hasira ikimpanda taratibu kutoka shingoni.

"Ndo hawa? Wa kukojoa damu? Umeniletea mimi, nyumbani kwangu, juu ya kichwa changu?"

"Sikuwaleta wapandwe, Mama!"

"Astaghfirullah! Mtoto wa watu huyu ataniua!" Alikuwa ameshafika dirishani, na uchochoro wetu ni mwembamba kiasi kwamba jirani wa mbele akipiga chafya sisi tunamwambia yarhamukallah. Ndani ya robo saa mtaa mzima ulijua kwamba mke wa mwanawe amemtia kichocho kwenye mrehani.

Nilivaa glavu, nikalichekecha kopo lile lote kwenye chujio la plastiki. Walikuwa konokono wawili wazima. Kwenye makopo mengine sikupata isipokuwa vigamba vilivyovunjika. Nikawatia wawili wale kwenye chupa ya jemu yenye maji, nikafunika kwa kitambaa, nikaenda nao ofisini mkononi. Mkuu wetu alikuwa na mgeni. Sikungoja. Nikaiweka chupa juu ya meza yake.

"Wametoka kwenye bwawa kavu," nikasema. "Miezi miwili udongoni, wakapondwa na mchi, wakatiwa kwenye kopo la rangi. Wameamka."

Akainama, akavaa miwani. Mmoja alikuwa anapanda kwenye kioo, anakula utelezi kwa utulivu kabisa.

"Wamepondwa na mchi wa nani?" akauliza.

Tuliwaweka kila mmoja kwenye kichupa chake, juani, kama tunavyofanya siku zote, tuone kama watatoa vijidudu vya kichocho. Hawakutoa kitu, siku hiyo wala siku zilizofuata. Walikuwa safi. Nikarudi mbio nyumbani kumwambia mama mkwe kwamba hana cha kuogopa, ila kwa tahadhari tungempima mkojo baada ya wiki kadhaa.

"Mie nikojoe kikoponi, watoto wa watu wauangalie?"

"Ni vipimo, Mama. Hata mimi nitapima."

"Wewe pima. Mie kwetu Makunduchi."

Nilipima, kwa sababu nilikumbuka lile buti, na kwa sababu nilitaka kumwonyesha kwamba ni jambo la kawaida. Mwenzangu wa maabara alikaa kwenye hadubini kuliko kawaida yake, kisha akasogeza kiti pembeni ili nichungulie mwenyewe. Mayai mawili, kila moja na kijimwiba chake nchani. Nimeyaona mayai hayo mara nyingi katika mikojo ya watu wengine, nikaandika na kuendelea na chai yangu. Siku hiyo nilishindwa kuondoa jicho.

Nikameza vidonge, vikubwa na vichungu, vikanigeuza tumbo mpaka jioni. Nilijiona mjinga. Mwanamke anayewafundisha watu wasiingie majini! Mume wangu alinifariji kwa njia yake, akaniuliza kama nitalipwa nyongeza. Mama mkwe alinipikia uji, akanikalia karibu kwa huruma ya kweli, na nilipomaliza uji akasema, "Lakini nilisema, huko si kwenu, unakwendea nini?" Kwa habari ya kikopo, alikataa mpaka mwisho. Hajakojoa damu mpaka leo, na anaichukulia hiyo kuwa ni hoja.

Mkuu wetu alikifuta kisanduku cha "kavu". Nimpe haki yake: hakubishana tena, alikaa siku nzima akaitunga fomu upya, na mabwawa yaliyokauka yakarudi kwenye orodha. Tukakubaliana dawa itiwe mapema, maji yanapoanza kupungua, kabla konokono hawajajizika, kisha itiwe tena baada ya mvua za mwanzo. Nilikwenda bondeni kumpa habari yule mama wa mpunga. Nilitarajia atafurahi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Ulisema kweli. Konokono wameamka."

"Marahaba. Kwani nilikuwa nakutania?" Akaendelea kung'oa magugu. "Na choo?"

"Choo gani?"

Akasimama wima. Akanieleza, kama mtu anayemweleza mgonjwa wa homa, kwamba wanawake zaidi ya kumi na watoto wao wanashinda bondeni tangu asubuhi mpaka alasiri, na choo kilicho karibu kiko majumbani, mwendo wa nusu saa. Watu wanakojoa wapi? Konokono angekuwa safi daima kama si mkojo wa watu. Waliletewa vifaa vya choo miaka kadhaa iliyopita. Wataalamu wakachimba pale pale kando ya bwawa, kwenye kinamo, na mvua ya kwanza ikajaza shimo, uchafu wote ukafurika ukaingia mpungani. Wakalifukia. Kibao cha kutangaza choo kilikuwa bado kimesimama, kimeegemea mnazi, maandishi yamefutika. Mimi nilipita pale zaidi ya mwaka mzima nikidhani kinatangaza kitu kingine.

"Mnachimba udongo kila siku," akasema. "Hamjui udongo gani unakunywa maji na upi unatema?"

Nilijua. Nilikuwa na vimfuko vyake kabatini, vimeandikwa. Ukipanda kidogo kutoka bondeni, kama hatua mia mbili, kinamo kinakwisha na kinaanza kinongo, udongo mwekundu unaopitisha maji. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya choo, na mimi sikuwahi kuwaza kwamba udongo ule una kazi nyingine zaidi ya konokono. Nilikuwa nimemkasirikia mkuu wangu kwa kisanduku kimoja kwenye fomu. Sasa ilinibidi nijikasirikie mimi.

Tulikwenda mara tatu kwa sheha, msimamizi wa serikali pale kijijini. Mara ya kwanza hakuwepo. Mara ya pili alituambia tuandike barua. Mara ya tatu yule mama alikuja na wanawake wenzake wote, na matope yao miguuni, wakakaa barazani kwake wakasema hawaondoki, naye akatoa fundi siku hiyo hiyo. Choo kikachimbwa kwenye kinongo, mashimo mawili, kuta za mawe, mlango wa bati. Masika yaliyofuata shimo halikujaa.

Sitaki kusema kwamba mambo yamekwisha. Wapo wanaosema hatua mia mbili ni mbali, na wapo wanaokwenda huko wakiona gari yetu tu. Msimu uliopita niliokota konokono bondeni humo, wachache kuliko zamani, na kati yao mmoja alitoa vijidudu kwenye kichupa. Nilipomwambia yule mama alikunja uso, akaniuliza nimemwokota upande gani. Nikamwonyesha. Akatupa jembe, akafunga kanga yake vizuri, akatoka pale anakwenda kwa haraka kuelekea jaruba la jirani yake, akimwita kwa sauti tangu mbali aje aseme anakojoa wapi.